Darasa Nililomnyang'anya

Padri anahubiri tusamehe. Nimemsikia. Lakini mwalimu wangu wa kompyuta sijamsamehe, na wala sina haraka.

Chuoni kwetu hapa Ifakara kompyuta zilikuwa chache, basi akatupanga wawiliwawili: mvulana kwenye kibodi, msichana pembeni anamsomea programu iliyoandikwa ubaoni. "Ninyi mna sauti nzuri," alikuwa akituambia. Sauti nzuri! Nilimaliza kozi nikisoma mabano na nukta kama litania, sielewi hata mstari mmoja. Niliichukia kazi ile. Nilikuja kujifunza baadaye, kwa hasira tu, kwenye kompyuta chakavu ya shangazi.

Mwaka jana nikaajiriwa palepale kufundisha. Nikamkuta yuleyule, mtindo uleule, wasichana bado wanasoma. Mmoja wao, binti wa kijijini Mofu, alinifuata nje.

"Shikamoo, dada. Nahamia ushonaji. Huku sina kichwa."

Damu ilinichemka. Kichwa anacho; alichonyimwa ni kibodi!

Nikamwomba mkuu wa chuo chumba kile cha kompyuta saa za mapumziko, nikawaita wasichana peke yao. Ubao sikuugusa. Niliwauliza: mpunga ukianza kuzaa, mnaamiaje ndege wasiule? Wakacheka, maana nani hapa hajawahi kuamia ndege?

Binti wa Mofu akasema, "Unatazama. Wakitua, unapiga debe. Wasipotua, unaendelea kutazama, mpaka jioni."

"Hiyo ndiyo programu. Kaa uiandike."

Akavuta kiti. Akakosea, akakosea tena, na mimi nikafumbata mikono nisije nikamsaidia. Ilipokubali alipiga kigelegele, chumba kizima kikamfuata. Habari ya ushonaji ikafa hapohapo.

Muhula uliofuata wasichana wote waliomba kuhamia kwangu, mkuu akaridhia. Mzee akabaki na wavulana wake. Raha niliyoisikia, jamani, naogopa hata kuipeleka kitubio.

Kisha ikasikika kwamba wakaguzi wanakuja, na wanataka kuona wasichana kwenye kompyuta. Akaja mwenyewe darasani kwangu, akainama karibu na binti wa Mofu.

"Mwanangu," akasema, kwa upole ambao mimi sikuwahi kuuonja, "kesho rudi kwangu, wageni wakuone."

Binti hakuondoa mikono kwenye kibodi.

"Shikamoo, mwalimu. Nikirudi, nitashika nini?"

Akanigeukia mimi, eti nimtetee. Nilimtazama tu, natabasamu, mpaka akautafuta mlango mwenyewe.