Santuri ya Pesa za Mabati

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki na shida ikaanza. Darasa la tatu sikulimaliza. Nasema hivyo mapema ili aliyesoma asije kunitafutia makosa hapa. Makosa yapo. Shamba pia lipo, na lilinunuliwa kwa mikono hii. Nimeambiwa niandike juu ya albamu iliyobadilisha maisha yangu. Ni moja tu, ya mtu mweusi wa Amerika. Ilinifanya mtu, na ilinikosanisha na rafiki yangu wa pekee kwa miaka zaidi ya arobaini.

Nilichimba viazi vya watu hapa Kibirichia mpaka kucha zangu zikafanana na viazi vyenyewe. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi na ilivuja kila mahali. Mama alijua kila tone linaangukia wapi, akawa analala amejikunja katikati ya matone mawili kama paka.

Nilipofika miaka kumi na tisa nilikodi kipande changu, nikapanda, msimu ukakubali. Lori lililobeba viazi lilikuwa linashukia Embu. Mama akaniambia, "Ukiuza, usiangalie kulia wala kushoto. Leta mabati."

Niliangalia kushoto. Karibu na duka la mabati kulikuwa na duka la redio la mzee mmoja Mwislamu, na ndani santuri ilikuwa inaimba. Tarumbeta zilinishika hapa kwenye shingo. Nikaingia. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya mtu mweusi, mweusi kama mimi, ameketi kwenye kiti kikubwa chenye mikono, viatu vinang'aa mpaka unaona dirisha ndani yake. Nilitafuta kwenye ile picha mzungu aliyempa ruhusa ya kuketi pale. Sikumwona.

"Kijana," mzee akaniuliza, "unanunua ama unachunga?"

Nikanunua. Santuri moja na gramafoni ya betri, na hela za mabati zikaisha hapo.

Nyumbani Mama alilizunguka lile sanduku mara mbili.

"Mabati yako ndani?"

"Ni gramafoni, Mama."

"Inakinga mvua?"

"Inaimba."

"Hata mimi naimba, na hujanitandaza juu ya paa."

Siku tatu hakusema nami. Alikuwa anamwambia kuku, ili nisikie: "Kuku, umeona watu wanaozaa wengine? Wewe taga mayai tu, mayai hayaendi Embu."

Jina la yule mwimbaji sikuweza kulisoma, kwa hiyo tulimwita Mzee wa Kiti. Kila jioni rafiki yangu alikuja kumsikiliza. Huyu ni rika langu. Tulitahiriwa asubuhi moja, na mimi sikulia, yeye anasema nililia. Kwa miguu alinishinda. Wiki ya kwanza alikuwa ameshajua nyimbo zote za upande wa kwanza, na wimbo wa tatu, ule wa tarumbeta, aliucheza kama mtu aliyezaliwa nao. Mimi nilikuwa natazama jalada tu. Nilijiapiza kwamba siku moja nitaketi kwenye kiti kama kile na hakuna atakayeniuliza nimekalia nini.

Jumapili moja mvua ilinyesha ile ya kweli. Mimi nilikuwa kanisani. Rafiki yangu alibaki kwetu akisikiliza santuri. Niliporudi, yeye hayupo, santuri imelala ndani ya jalada lake vizuri. Nikaiweka. Wimbo wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu, katikati, sindano ikaruka. Ngoma, kisha paa! moja kwa moja kwenye tarumbeta. Nikainua santuri kwenye mwanga. Mkwaruzo kama njia ya ng'ombe.

Nilimpata kwao akifunga mbuzi.

"Umeifanya nini santuri yangu?"

"Niliirudisha kwenye jalada, nikaja kufunga mbuzi. Kuna nini?"

"Kuna kucha zako!"

"Kucha zangu ziko hapa. Zihesabu."

"Usikanyage kwetu tena."

"Kwenu kunavuja," akasema, "nitakanyaga nini, matope?"

Basi. Mama alikuwa mlangoni niliporudi. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilifikiri ni huruma. Mwaka huo huo rafiki yangu alihamia Ruiri kwa mjomba wake kufuga, baadaye akawa mfanyabiashara wa mbuzi na kondoo. Tukikutana sokoni alitazama mifugo, nami nikatazama mawingu.

Sasa, mimi si mtu wa kuaibishwa na santuri. Watu walikuwa wameanza kuja kwetu kusikiliza, na jioni ya kwanza baada ya ule mkwaruzo sindano iliporuka wote walisimama, wananitazama. Nikainua mguu wa kushoto, nikaruka, nikatua.

"Hapo mnaruka!" nikawaambia. "Ndivyo wanavyocheza Amerika!"

Wakaruka. Kesho yake wakaleta wengine, nao wakaruka. Baada ya mwaka mmoja Kibirichia nzima ilikuwa inaruka. Kwenye harusi wanaruka. Nilimwona mzee wa kanisa akiruka, ameshika kofia. Mke wangu nilimpata hapo. Alikuwa ndiye pekee aliyeruka bila kunitazama kwanza. Mama naye aliona watu wanakuja na njaa, akawa anawauzia viazi vya kuchemsha na chai. Hapo ndipo hoteli yetu ilipoanzia, na kwenye hoteli tulipata mabati, na baada ya mabati, shamba.

Kwa hiyo mimi husema santuri ndiyo iliyoleta mabati. Mama husema ni viazi vyake. Tumebishana hivyo tangu wakati huo, na hakuna aliyekubali.

Mwaka jana tukamfanyia Mama sherehe ya shukrani, kwa sababu amezeeka na bado anatuma watu. Nilipofika langoni kupokea wageni nikamkuta mzee mmoja amevaa koti la mnada wa mbuzi, fimbo mkononi. Nilimjua kwa miguu.

"Nani amekualika?" nikamuuliza.

"Mwenye sherehe. Wewe ni bawabu?"

Mama alikuwa amemwita mwenyewe, bila kuniambia. Rafiki yangu aliketi mbali, akala. Mimi nilikula nikimpa mgongo.

Mjukuu wangu anayesoma chuo kule Embu alikuwa ameleta spika kubwa. Akaniambia, "Babu, nimepata ile albamu yenu kwenye simu. Nzima." Wazee wote wakasimama. Mimi nikaenda mbele, kwa sababu huu wimbo ni wangu. Wimbo wa tatu ukaanza. Tukacheza. Ngoma ikafika pale. Nikainua mguu wa kushoto, wazee arobaini nyuma yangu wakainua mguu wa kushoto, tukaruka.

Muziki haukuruka.

Mzee wa Kiti aliendelea kuimba, kipande kizima ambacho mimi nilikuwa nimekisahau na wengine hawakuwahi kukisikia, sauti laini, na sisi tumesimama pale kwa mguu mmoja kama korongo. Mmoja alianguka juu ya mke wake. Vijana walicheka mpaka wakaketi chini. Mtu mmoja tu hakukosea. Rafiki yangu alikuwa amesimama peke yake kule mwisho, anacheza kile kipande sawasawa, pole pole, macho amefumba, kama alivyocheza wiki ile ya kwanza.

Alipofumbua macho akauliza, "Mbona mnaruka? Mmekanyaga siafu?"

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Kisha akapiga fimbo chini.

"Huyu hakuikwaruza," akasema. "Ni mimi."

Spika ikazimwa.

"Alikuwa ameenda kufunga mbuzi wake. Mvua ikaanza kuingia kwenye unga. Nikatafuta kifuniko, na hicho kitu chako kilitosha karai vizuri sana. Nikaweka jiwe juu, upepo usikibebe. Mvua ilipoisha nikakipangusa, nikakirudisha kwenye nguo yake."

"Mama! Miaka yote hii?"

"Wewe ulitoka hapa unapiga kelele kabla sijasema neno. Nikasema, acha aone mvua inavyouma. Kesho nitasema. Kesho zikawa nyingi." Akanielekezea fimbo. "Na kungekuwa na mabati, kijana, unga ungehitaji kifuniko?"

Watu wote walinitazama mimi, kisha wakatazama juu, kwenye mabati ya baraza yangu. Nimejibu madalali, nimejibu polisi, nimejibu mapadri. Hapo nilivua kofia.

Nikavuka uwanja mpaka mbele ya rika langu. "Nilikosea," nikasema.

"Sijasikia."

"Nilikosea!"

"Hapo sawa. Na ulilia siku ile ya kutahiriwa?"

"Hilo hapana."

Wazee wa rika letu hawakwenda hata pembeni kushauriana. Kumsingizia mwenzako, faini yake ni kondoo dume mmoja, asiye na kilema. Tena wakasema rafiki yangu aketi kwenye kiti changu mpaka amalize kula. Akaketi, akajigeuza huku na huku. "Kinauma mgongo," akasema, akaomba mchuzi zaidi.

Sasa nimalize kwa mali, maana mtu akijisifu lazima aonyeshe. Leo nina shamba ekari sita, nusu viazi. Nina hoteli moja, ng'ombe wa maziwa wanne, na nyumba ya mawe. Nina kiti kimoja chenye mikono kilichochongwa Embu, na viatu vyeusi jozi mbili. Nina gramafoni isiyofanya kazi, na santuri moja, mkwaruzo upande wa kwanza. Kondoo ni wanane. Walikuwa tisa, na yule aliyekwenda Ruiri alikuwa mkubwa kuliko wote, rafiki yangu mwenyewe alijichagulia. Mabati ni themanini na manne. Mama ndiye aliyeyahesabu.