Mlango Nilioambiwa Niusukume

Wanaosema nilivunja mlango wa chumba cha kujifungulia na kumpiga mkunga kikumbo, siku ile hawakufika hata getini pa hospitali. Katika familia hii hakuna aliyewahi kupiga mtu. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa mahakama, nami nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Basi mlango ule ulikuwa hivi.

Kitindamimba wangu alilazwa asubuhi, mimba yake ya kwanza. Wodi ilikuwa na vitanda sita na mkunga mmoja, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, ambaye wenzake walimwita Upepo. Mimi nilidhani kila mzazi ana mkunga wake, kama kila darasa lilivyo na mwalimu wake. Upepo alimpima, kisha akamwekea tumboni kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akasikiliza macho yakiwa kwenye saa, akaandika, akageuka kuondoka.

"Samahani, mwanangu," nikamwita, "unaondoka kwa kuwa hali ni nzuri au kwa kuwa ni mbaya?"

"Nzuri, mama. Nitarudi baada ya nusu saa. Njia imefunguka nne."

Nne kati ya ngapi? Mwalimu mzima, nikaona haya kuuliza. Jirani wa kitanda cha pili akanitajia kumi. Nne kwa kumi! Kwangu huko ni kufeli.

Nusu saa ikatimia, akarudi, akasikiliza, akaondoka. Nikaanza kuandika saa zake nyuma ya bahasha, kama rejista. Hakukosa hata mara moja, lakini hilo halikunituliza. Akiondoka niliogopa amemtelekeza mwanangu. Akirudi niliogopa ameona kitu.

"Mbona njia hupimi tena?"

"Kila baada ya saa nne, mama. Mtoto si chungu, umfunue kila dakika. Na hapa hatupigi kengele."

Nani alimwambia mimi ni mwalimu, sijui hadi leo.

Mchana wakamhamishia binti chumba cha pili, cha kujifungulia. Mkunga mwingine akaja kushika wodi, Upepo akaingia na mwanangu, mlango ukarudishwa, nami nikaoneshwa benchi. Nikashika bahasha yangu nikisubiri atoke. Nusu saa ikapita. Ikapita nyingine. Yule asiyetulia mahali, sasa hatoki! Sikuwa nimeambiwa kwamba wakati wa kusukuma mkunga habanduki kitandani. Nilichojua ni kwamba mwanangu yuko ndani na utaratibu umebadilika.

Ndipo nikasikia sauti ya Upepo: "Mama, sukuma! Sukuma kwa nguvu!"

Pale kwenye benchi, mama alikuwa mmoja tu. Nikasukuma.

Mlango haukuwa na komeo. Niliingia nao mpaka kwenye meza ya vifaa, na trei ikaanguka kwa kishindo. Upepo hakugeuza hata shingo. Mikono yake ilikuwa kazini.

"Si wewe! Mama ni huyu. Wewe ni bibi!"

Binti yangu akacheka katikati ya uchungu, akasukuma, na mjukuu wangu akalia.

Sasa wanauliza kama nilimwomba mkunga yule radhi, na nani aliniokota sakafuni. Mtoto mzima, mama yake mzima, mlango mzima. Mengine siyasemi.