Mtoto wa Mbwa Kapakwa Vanishi

Nimetoka Keko sasa hivi, mikono inanuka vanishi na hasira zimenijaa mpaka kooni.

Kuna kaka mtandaoni katangaza mtoto wa mbwa aina ya jamani shepadi. Nikamwambia nataka nimwone na mama yake. "Sista, mama yupo shamba. Tukutane Keko kwenye mafenicha."

Mie nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea.

Kaja na boksi. Mbwa mgongo mweusi tii, kama kwenye picha. Nikambeba.

Harufu ya vanishi ikanipiga. Jamani, mie baba yangu seremala! Nikamfuta kwa mtandio, mtandio ukawa mweusi. Chini yake, koko wa kahawia kama wa mtaani kwetu.

"Hilo jasho tu, sista."

Jasho! La mbwa!

Na mtoto wa watu anajilamba hiyo sumu huku anatetemeka. Nikapiga makelele mpaka mafundi wakaacha randa zao. Kaka katimua mbio, boksi kaliacha.

Sasa tupo kwa daktari wa mifugo, mtoto wa mbwa kanilalia mapajani.

Nyie mnaotafuta mbwa mtandaoni, kama hamjaonyeshwa mama yake, msitoke nyumbani. Nani mwingine kafanyiwa hivi?

Na wewe kaka, najua unasoma. Ungeandika tu "mbwa koko", mbona ningekuja vilevile.