Mkeka wa Mama Mkwe

Tulipovuka mpaka kutoka upande wa Beni tukafika Bwera, tulipelekwa kwenye shule iliyogeuzwa makazi ya dharura. Langoni wakaniuliza tuko wangapi. Nikasema watano, familia moja: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Uchovu ulinifanya mjinga. Tukapewa pembe moja ya darasa iliyozungushiwa turubai, na mikeka mitano imebanana.

Kwetu mama mkwe halali chumba kimoja na mkwewe. Hata usoni simtazami. Nikimwona njiani, nampisha. Basi mama, bila kumlaumu mtu, akatoka akalala barazani, mvua ikimlowesha miguu.

Asubuhi msimamizi akapita kuhesabu watu mkeka kwa mkeka. Kanuni zilibandikwa ukutani kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyeijua darasani mwetu. Kumbe asiyekutwa kwenye mkeka wake anafukuzwa.

"Afande," nikamwambia, ingawa hakuwa askari, "ile ni mama mukwe yangu. Hawezi kulala mu chumba moya na miye. Mumuweke kwa bamama wengine."

Darasa la wanawake lilikuwa palepale ng'ambo ya uwanja, na nafasi ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu.

"Wewe ulisema familia moja," akajibu, macho kwenye karatasi. "Leo nasamehe. Kesho akikosa, anatoka."

Nikauliza malalamiko yanapelekwa kwa nani. Akasema yanaletwa kwake. Mtu mzima anatishiwa kufukuzwa kwa sababu ana adabu, na anayemhukumu ndiye huyohuyo wa kumlilia!

Jioni nikamwambia mke wangu amrudishe mama ndani. Barazani nikalala mimi. Nilijiona mjanja, kwani aliyetishiwa ni mama tu. Asubuhi mkeka wangu ukakutwa mtupu, na kwenye orodha mimi ndiye niliyeandikwa mkuu wa familia. Jina langu lilipokatwa, yote matano yalikatwa.

"Msamaha nilitoa jana," akasema yule msimamizi.

Tulitolewa kabla uji haujagawiwa. Tukashika barabara ya Kasese, mama akitangulia mbali, kitenge kimemfunika uso ili asinivunjie heshima. Kisha akasimama, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie bwana yako anisamehe. Ningelala tu mu ile chumba."

Msimamizi yule sijamsamehe hadi leo. Baridi ya barazani ningeisahau. Lakini alimfanya mama aombe radhi kwa kuwa na heshima.