Vidole Chini ya Kitambaa

Kitu cha kwanza mhandisi kijana alichokiona kwa mkufunzi wa semina yao kilikuwa kucha zake: zilijaa udongo hata ndani ya ukumbi wa mkutano, mbele ya wageni waliovaa tai. Mama huyo alifundisha kuzuia mmomonyoko kwa sauti ya kubembeleza mtoto, huku akinyunyizia sinia la udongo maji kwa kopo lililotobolewa. "Maji hayagombani na mtu, wanangu. Yanatafuta mlango tu." Jana, kwenye mteremko ulio juu ya kisima cha shule, mhandisi alisimamisha uzio wa kitambaa wa kuzuia tope lisiingie kisimani. Ulinyooka kama rula, naye akasubiri sifa. Mkufunzi alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya kitambaa, vidole vikachezacheza upande wa pili. "Hodi! Mimi ni maji."

"Karibu ndani!" wahandisi wenzake waliitikia, wakavunjika mbavu. Mama hakucheka. Alishika jembe, yeye na mhandisi wakachimba mtaro, wakaufukia ukingo wa kitambaa, wakaushindilia kwa visigino. Leo mawingu yametanda. Wengine wanakunywa chai ukumbini. Wao wawili wamesimama kando ya kisima, mwavuli wa mama ungali umefungwa. "Haya," mama anayaambia mawingu, "pigeni hodi sasa."