Fukusi wa Kunde Hali Mahindi

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nauza kunde na choroko Kariakoo. Magunia yangu niliyaweka kwenye kona niliyopanga ndani ya ghala la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, nyuma ya soko. Yeye aliuza mahindi, na baadaye akaongeza mchele. Nilikuwa nimeachika, naishi chumba kimoja mtaa wa Gerezani, na ile kona ndiyo iliyoniweka mjini.

Asubuhi moja, masika yakiwa yameisha, nilimkuta amesimama mlangoni. Kiganjani alikuwa na mahindi yaliyotobolewa, unga unamvuja katikati ya vidole. Nikamwamkia. Akaninyooshea kile kiganja.

"Mama, fukusi wako wametoka kwenye kunde wakaingia kwenye mahindi yangu. Toa mzigo wako leo hii."

"Hao si wangu, mzee. Wangu hawali mahindi."

"Fukusi ni fukusi!"

Makuli wawili waliokuwa wakishusha magunia wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniudhi. Miaka minne nilikuwa napepeta kunde kila siku, na wadudu wangu niliwajua kama ninavyojua nguo zangu. Yule wa kunde ni mfupi, mgongo wa mviringo, na mayai yake huyabandika juu ya punje, meupe, unayaona. Yule wa mahindi ana mdomo mrefu kama mkonga, anatoboa punje na kulificha yai ndani. Wanafanana kwa rangi tu, na kwa mtu asiyeangalia.

"Sitoki," nikamwambia. "Twende kwa msimamizi wa soko."

Alidhani natania. Nilitangulia mbele, naye akalazimika kunifuata.

Msimamizi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mchovu wa kesi za watu. Alitusikiliza wote wawili kisha akaniuliza, "Utathibitishaje, mama?"

Nikaomba chupa mbili. Moja nikatia mahindi mazima na wadudu hai kutoka gunia langu la kunde. Ya pili nikatia mchele safi na wadudu kutoka mahindi ya mwenye ghala. Midomo ya chupa tukaifunga kwa kitambaa na uzi, zikabaki juu ya meza ya msimamizi, mahali ambapo hata mimi nisingeweza kuzigusa.

"Na mchele wa nini?" mwenye ghala akauliza. "Mimi nasemea mahindi."

"Utaona."

Tukakubaliana wiki tatu. Wanawake wenzangu sokoni walinishauri niondoke kwa heshima kabla sijatolewa kwa aibu. Niliwajibu kwamba heshima yangu imo ndani ya chupa. Lakini sitadanganya, nilikuwa na hofu. Kila nilipopita pale kwa msimamizi nilichungulia dirishani, nikaona vidoadoa vyeusi tu, nisijue ni vizima au vimekufa.

Siku ilipofika, msimamizi alimwaga chupa ya kwanza kwenye ungo. Wadudu wangu wote walikuwa chali, wakavu, na hakuna punje hata moja ya mahindi iliyoliwa. Akamwaga ya pili. Fukusi wa mahindi wakatawanyika wakitembea, na mchele umejaa vumbi na matundu.

Mwenye ghala aliinama juu ya ungo, akaupekua mchele kwa kidole.

"Kwa hiyo wametoka kwenye mchele wangu?"

"Sijui walianzia wapi. Wa mchele na wa mahindi ni ndugu, hata mimi siwatofautishi, na chakula wanachangia. Umeyaweka magunia yao bega kwa bega. Wangu wana chakula chao."

Akanyoosha mgongo. "Basi endelea kukaa."

"Nilikuwa nakaa," nikasema. "Ulinifukuza mbele ya makuli. Na hili ukaliseme mbele yao."

Msimamizi alitazama pembeni. Nilidhani nimevuka mpaka, lakini maneno sikuyarudisha. Mchana ule ule mwenye ghala aliwaita wale makuli wauhamishie mchele chumba cha pili, na sababu akawaeleza mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, nami nipo.

Baada ya hapo alinizoea. Alikuwa akiniletea kiganja cha nafaka na kuniuliza, "Mama, huyu ni yupi?" Nilimjibu. Mwaka uliofuata nilipata meza ndani ya soko, nikahama. Alinisihi nibaki. Nikamshukuru, nikafunga magunia yangu. Siku ya kuondoka niliichagua mimi.