Mama Chumba Moja

Nyinyi mnaoniita Mama Chumba Moja halafu mnacheka mkiziba mdomo na leso, leo kaeni niwaeleze mwenyewe, maana naona hadithi imezunguka Sotik mpaka wengine wanasema nilikamatwa na askari, na wengine wanasema nilipanda juu ya meza (sikupanda, nilisimama tu, ingawa sauti ndiyo ilipanda). Aibu niliipata, sikatai. Hata leo nikipita Nairobi karibu na hoteli ile naangalia upande wa pili wa barabara kama mtu anayetafuta duka la viatu.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambapo viwanda vya majani chai vilikuwa vinapunguza watu. Baba Chebet, mume wangu, alikuwa fundi wa mashine za kukausha majani tangu kabla sijamjua, na siku moja yeye na wenzake wakaitwa, wakaambiwa asanteni sana, nendeni nyumbani mkapumzike. Akapumzika vibaya. Alikuwa anaamka saa ile ile ya zamu, anavaa, anafunga kamba za viatu, halafu anakaa nje kwenye kigoda anaangalia ng'ombe. Kwao nywele huwa zinatoka mvi mapema, na mwaka ule zikamalizika zote kuwa nyeupe, ilhali hamsini hakuwa amefika. Siku moja sokoni Chepilat kijana fulani akamwachia benchi, akamwambia, "Mzee, keti, miguu ya kizee haitaki kusimama." Alirudi nyumbani akavaa kofia, na kofia ile ikawa haitoki kichwani.

Hayo yote ningevumilia. Lakini akaanza kulala sebuleni kwenye kochi, anasema goti linamsumbua, hataki kunikatizia usingizi. Goti lilikuwa linauma kweli, lakini nyinyi mna waume, mnajua goti si sababu ya mtu kuhama kitanda. Mimi ananizidi miaka kumi na kidogo, bado nilikuwa na sura ya msichana (msicheke), na nilikuwa nalala macho wazi nikimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta. Niliogopa. Niliona mume wangu anaondoka huku bado yuko hapo nyumbani.

Basi nikaamua likizo ya Agosti nimpeleke mahali ambapo hakuna mtu wa kumuuliza habari za kiwandani, kwa pesa yangu ya maziwa, na watoto wabaki na shangazi yao. Dada yangu anayeishi Nairobi alinitumia picha za hoteli tatu. Kwetu, mnajua, hoteli ni mahali pa chai na mandazi, kwa hivyo nilizitazama zile picha wiki nzima kama mtu anayechagua ng'ombe wa maziwa. Ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea na watu mapaja nje, nikaikataa, Baba Chebet ni shemasi. Ya pili ilikuwa karibu na stendi ya mabasi, nikasema kelele za injini amesikia za kutosha maishani. Ya tatu ilikuwa ndefu, na kapeti nyekundu mlangoni, na ndani kitanda kipana cheupe, na juu ya kitanda taulo mbili zimekunjwa kama ndege wawili wamegusanisha midomo. Nilipoona wale ndege, nikachagua hiyo.

Nikaenda kupiga simu kwenye kibanda cha posta Sotik. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Ruth, mweka hazina wa kanisa letu, ambaye sikio lake linapita ukuta. Msichana wa hoteli akaniuliza, "Mnataka chumba cha namna gani, madam?"

Sasa niambieni. Ningesemaje "cha mke na mume, chenye kitanda kimoja kipana" na Mama Ruth amenipumulia shingoni?

"Nakuja na mzee wangu," nikasema polepole, kama sote tunavyowaita waume zetu. "Nataka apumzike vizuri."

"Oh, mzee wako! Vizuri sana. Anaitwa nani?"

Hapo tena nikakwama. Tangu niolewe sikuwa nimetamka jina la mume wangu hata mara moja, ni heshima, na sikuona sababu ya kuanzia kwenye kibanda cha posta. "Baba Chebet," nikasema.

"Sawa, Baba. Na wewe?"

"Mimi Grace."

"Kwa hivyo ni Baba na Grace. Baba anatembea vizuri?"

Nikajiambia, kumbe watu wa hoteli kubwa wanajali hivi! "Goti inamsumbua. Ngazi hawezi."

"Na chakula, kuna kitu hawezi kula?"

"Jino moja iko na shida. Nyama ngumu, hapana."

"Usijali, tutamtunza mzee. Mungu akubariki, wengi wanasahau." Sikujua wengi wanasahau nini, na kabla sijauliza sarafu zikaisha, simu ikakatika. Mama Ruth akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia hakuna, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha sana.

Tulifika Nairobi saa ya chakula cha mchana. Baba Chebet alikuwa amevaa suti ya harusi yetu, imembana kidogo, na kofia yake. Mlangoni, kwenye ile kapeti nyekundu, kijana mwenye vifungo vya dhahabu akatukimbilia akisukuma kiti cha magurudumu.

"Karibu mzee, keti."

Baba Chebet akakiangalia kile kiti, akaniangalia mimi. "Hii ni ya nini?"

"Ni huduma yetu, mzee."

Akaniinamia sikioni. "Kwani matajiri wa huku hawakanyagi chini?" Halafu (Mungu wangu) akakaa! Akavua kofia akaiweka magotini, akasukumwa kupita kwenye marumaru ile inayong'aa, na kila aliyemtazama akampungia mkono kama waziri. Akageuka kunitazama, akacheka. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu atoke kiwandani. Mimi nilikuwa nimeanza kushuku kile kiti, lakini ningemwambia nini mtu anayecheka vile? Nikaenda kwenye dawati la mapokezi na yeye akapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha kulia.

"Madam Grace," akasema msichana, sauti ile ile ya kwenye simu, "mzee tumempa chumba hapa chini, na wewe uko ghorofa ya tano."

"Lakini huyu ni mzee wangu."

"Ndiyo, ni mzee wako. Usiwe na wasiwasi, kuna kengele kando ya kitanda, akitaka kwenda msalani anabonyeza tu."

"Dada, sikiza. Ni mzee *wangu*," nikasema, nikilikaza lile neno la mwisho na kukonyeza jicho kidogo.

Akanishika mkono, macho yamemlowa. "Nakuelewa kabisa. Hata mimi baba yangu nampenda hivyo hivyo."

Ndipo nikaelewa. Neno moja tu lingetosha, na nilikuwa nalo mdomoni, lakini mtu nyuma yangu akasema, "Mama Chebet! Hata nyinyi mko huku?" Nikageuka, nikamwona Mwalimu Rono, mwalimu mkuu wa shule anayosoma Chebet, amekuja na mkoba wake kwenye mkutano wa walimu wakuu. Sasa mbele ya Mwalimu Rono niseme kitanda? Nikamsalimia, nikamuuliza habari za mvua, na moyoni nikasema acha tule kwanza, nitarekebisha baadaye. Hiyo baadaye ndiyo iliyonimaliza.

Chumba cha kulia kilikuwa kimejaa walimu wakuu kutoka kila pembe ya nchi, wanakula kuku wa kuchoma. Baba Chebet walimweka meza ya katikati, bado yuko kwenye kile kiti, na weita akamfunga kitambaa cheupe shingoni, akamwekea bakuli la supu na viazi vilivyopondwa mpaka vikawa uji. Baba Chebet akavikoroga na kijiko.

"Mama Chebet, hii ni chakula ya nani?"

Kabla sijajibu, akatokea msimamizi mwenye tai, ameshika ile maikrofoni ya mkutano. "Mabibi na mabwana, samahani kidogo. Leo tuna mzee wetu kutoka huko Sotik, ameletwa na binti yake apumzike katika uzee wake. Vijana wa siku hizi wanawasahau wazazi, lakini huyu hakumsahau baba yake. Tumpigie makofi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikamwona Mwalimu Rono, mikono yake imeganda hewani haijakutana, ananitazama kwa mshangao. Baba Chebet hakupiga. Aliangalia magurudumu ya kile kiti, akaangalia viazi, akaelewa kimoja kimoja, na ule uso wa kicheko nikauona ukifungwa. Akachukua kofia magotini akaivaa, mle mle ndani, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Umewaambia mimi ni baba yako?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Alisema polepole, kama mtu aliyekuwa anangoja habari hiyo siku nyingi na sasa imefika. Nilisikia uchungu ambao hata kwa uzazi sikuupata.

Nikasimama, kiti changu kikaanguka nyuma. Yule msimamizi akafikiri nimesimama kushukuru, akaniletea maikrofoni mpaka mdomoni. "Neno moja kutoka kwa binti!"

"Huyu si baba yangu!" nikasema, na sauti ikatoka kwenye kuta zote nne, jikoni, mapokezi, mpaka kwenye choo cha wanaume (nilikuja kuambiwa). "Ni bwana yangu! Anaitwa Kiplangat! Wilson Kiplangat! Mimi ni bibi yake, tuko na watoto wanne, na hatukuja hapa kulala vyumba mbili! Tumekuja kulala chumba moja! Chumba moja!"

Hata vijiko vilinyamaza. Baba Chebet akafungua kile kitambaa shingoni, akakikunja, akakiweka mezani, akasimama kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Mama mmoja wa meza ya jirani, ambaye alimwona akisukumwa kuingia, akapiga kelele, "Bwana asifiwe, ametembea!" na nusu ya walimu wakuu wa nchi hii wakaitikia amina.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu, hata siku ya harusi. Akanishika mkono. Akaniongoza, akichechemea kidogo, mpaka pale kwenye meza ndefu ya chakula, akamwambia mpishi, "Tupatie kuku. Mimi na bibi yangu." Watu walicheka mpaka wengine wakalia, na nikamwona Mwalimu Rono ameficha uso kwenye kitambaa, mabega yanatikisika. Nilijua kabla hatujafika nyumbani, Sotik yote itakuwa imelala na hiyo habari.

Msimamizi aliomba msamaha mara nyingi, akatupa chumba cha juu chenye kitanda kile cha kwenye picha. Wale ndege wa taulo walikuwepo. Baba Chebet akakaa pembeni mwa kitanda bila kuwagusa, kofia mkononi, jua la alasiri likiingia dirishani. Mimi nikabaki nimesimama karibu na mlango na mfuko wangu, nikifikiri tutachukua basi gani la kurudi.

"Kwa nini hukuwaambia pale mlangoni?" akaniuliza.

"Ulikuwa unacheka."

Akatikisa kichwa. "Umenitaja jina mbele ya watu wote."

"Nisamehe. Ilitoka tu."

"Kiwandani walikuwa wananiita arap Koech, na hiyo ni jina ya baba yangu. Nyumbani ni Baba Chebet, hiyo ni ya mtoto. Na sasa kila mahali ni mzee, mzee. Aliyekuwa ananiita Kiplangat alikuwa mama, na tangu tumzike sijasikia mtu akisema." Akawa anaizungusha kofia. "Nilifikiri hiyo jina imeisha."

Nikaweka mfuko chini.

"Sema tena," akasema.

Mengine hayawahusu. Lakini kochi la sebuleni tangu siku ile limekaliwa na wageni na paka.

Kanisani Jumapili iliyofuata Mama Ruth alinisalimia kwa jina hili mnaloniita mpaka leo, na nimeshachoka kulikataa. Simu nikipiga mahali popote, hata foleni iwe na askofu, natoa jina lote la mume wangu kwanza ndipo niseme habari nyingine, na neno mzee nimeapa halitoki tena mdomoni mwangu. Siku hizi goti limeshinda, anatembea na fimbo, na juzi nilimpeleka kliniki ya macho. Muuguzi, msichana mdogo, akachungulia mlangoni akauliza, "Huyu mzee ni wako? Aingie."

Viti vyote vilikuwa vimejaa watu wa kwetu. "Kiplangat," nikaita, kwa sauti, "ingia."

Hakuingia. Alisimama hapo mlangoni ameegemea fimbo, mgongo kwangu, anangoja niseme tena.